MTAKATIFU ANTONI ABATE, BABA WA WAMONAKI NA MSIMAMIZI WA WANYAMA WA KUFUGA



Katika mwaka wa jubilei wakristu wa parokia humshukuru Mungu kwa ajili ya wabatizwa wake, ndoa zake, wafu wake na matofali ya kanisa lake. Vyote hivyo vyastahili shukrani. Lakini Maandiko Matakatifu yanapotufundisha habari ya miaka mitakatifu, hayataji watu peke yao. Katika sura ya 25 ya kitabu cha Walawi, Mungu anaagiza kwamba katika mwaka wa saba ardhi ipumzike bila kulimwa, na vile vinavyoota vyenyewe viwe chakula cha bwana na cha mtumishi, cha mgeni, cha ng'ombe wa nyumbani na cha nyama wa pori. Miaka saba ikirudiwa mara saba, ndipo unafika mwaka wa hamsini, ulio jubilei. Hivi tangu mwanzo wanyama nao wamekuwa na fungu lao katika raha ya Mungu.

Eklezya haikulisahau jambo hilo. Tangu karne nyingi ina ibada ya kubariki wanyama: watu wanaleta mbele ya kanisa ng'ombe, mbuzi, farasi, kuku, mbwa na paka wao, na padri anawaombea na kuwanyunyizia maji ya baraka. Wako wanaocheka wakisikia habari hiyo, wakiuliza kama mbwa naye anakwenda kutubu. Wako wengine wanaoipenda mno, kwa kuwa wanaifikiri kama dawa ya kinga, yenye kuzuia wezi na magonjwa bila wao wenyewe kugeuza mwenendo. Wote wawili wanakosa. Ili tujue maana ya ibada hiyo, inafaa tujue maisha ya yule ambaye ibada inafanyika kwa jina lake. Yeye ni mwana wa Afrika, tena mmoja wa wana wakubwa ambao bara letu limeizalia Eklezya.

Antoni wawili

Kwanza tusichanganye majina. Antoni ambaye sanamu yake inaonekana katika makanisa mengi, akimbeba Mtoto Yezu mikononi, ni Mtakatifu Antoni wa Padua, Mfransiskani, mzaliwa wa Ureno, aliyekufa mwaka 1231. Yeye alibatizwa Fernando. Alipoingia katika shirika la Mtakatifu Fransisko mwaka 1220, alichukua jina la Antoni kwa sababu kanisa dogo la watawa waliompokea lilikuwa limewekwa chini ya ulinzi wa Mtakatifu Antoni wa Misri. Hivi wa Padua ni kama mjukuu, na wa Misri ni kama babu. Hapa tunasimulia habari ya babu.

Kuzaliwa na kuitwa

Antoni alizaliwa karibu na mwaka 251 katika kijiji cha Koma, nchini Misri, si mbali na mto Nili. Wazazi wake walikuwa wakristu, tena watu wa mali. Tangu utoto hakupenda shule wala makelele ya vijana wenzake. Alipenda kukaa nyumbani na kwenda kanisani pamoja na wazazi wake, na yale yaliyosomwa kanisani aliyashika moyoni. Mpaka mwisho wa maisha yake alisema lugha ya nchi yake tu, ndiyo Kikopti, wala hakujua Kigiriki, lugha ya wenye elimu wa siku zile.

Alipokuwa na umri wa miaka 18 au 20, wazazi wake walikufa. Alibaki na dada yake mdogo na urithi mkubwa: shamba lenye rutuba la karibu hektari 80. Hata miezi sita haikupita. Siku moja alikuwa akienda kanisani, akiwaza ginsi Mitume walivyoacha vyote na kumfuata Mwokozi. Alipoingia, Injili iliyokuwa ikisomwa ilikuwa ile ya kijana tajiri, ambaye Yezu alimwambia auze mali yake, awape maskini, kiisha aje amfuate. Antoni aliisikia kama barua iliyoandikwa kwa jina lake mwenyewe. Alitoka, akawagawia watu wa kijiji mashamba yake, akauza vitu vilivyobaki na kuwapa maskini fedha, akiweka akiba kidogo kwa ajili ya dada yake. Siku nyingine alisikia Injili ikionya kwamba mtu asihangaikie siku ya kesho. Basi akaitoa na akiba ile, na dada yake akamkabidhi kwa mabikira waaminifu wamlee. Dada huyo naye alizeeka katika ubikira wake, hata akawa kiongozi wa mabikira wengine.

Tuliangalie tendo hili, kwa kuwa ndilo mlango wa mambo yote yanayofuata. Mtu ambaye wafugaji wa dunia nzima wamemfanya msimamizi wao, alianza kwa kuacha mali. Hakuidharau. Aliwapa wengine ili iwashibishe.

Vita na shetani

Wakati ule watawa hawakuwa na nyumba kubwa za pamoja. Mtu aliyetaka kumtumikia Mungu kwa namna ya pekee alikaa peke yake pembeni ya kijiji. Antoni alimfuata mzee mmoja aliyeishi hivyo, akawatembelea na wengine, akijifunza kwa mmoja upole, kwa mwingine kukesha, kwa mwingine uvumilivu. Alifanya kazi ya mikono: sehemu ya malipo alinunulia mkate, sehemu aliwapa maskini.

Kiisha alikwenda kukaa ndani ya kaburi la zamani, mbali na kijiji. Mtakatifu Atanasi, Askofu wa Aleksandria, ambaye alimjua na kuandika maisha yake muda mfupi baada ya kufa kwake, anasimulia kwamba mashetani walimpiga huko usiku mmoja mpaka akalala chini kama maiti. Rafiki yake aliyemletea chakula alimbeba mpaka kanisa la kijiji, na watu wakaanza kumlilia. Usiku wa manane Antoni akafumbua macho, akamwomba rafiki yule amrudishe kaburini pasipo kuwaamsha watu. Hapo mashetani walirudi kwa sura za nyama wakali: simba, dubu, chui, fahali, nyoka, nge na mbwa mwitu, kila mmoja akinguruma kwa namna yake. Antoni hakuweza hata kusimama, lakini aliwadharau, akisema kwamba wangekuwa na nguvu ya kweli angetosha kuja mmoja tu. Mwisho nuru ilishuka juu yake, maumivu yakakoma, naye akafahamu kwamba Bwana alikuwapo tangu mwanzo, akitazama ushindani wake.

Wachoraji wa Ulaya walipenda sana kuichora habari hii, na watu wengine wamefikiri kwamba Antoni alikuwa adui wa wanyama. Sivyo. Mnyama wa Mungu na sura ya mnyama aliyoivaa shetani ni mambo mawili mbalimbali. Maisha ya Antoni yaliyofuata yatatuonyesha hivyo waziwazi.

Miaka ishirini katika ngome

Akiwa na miaka karibu 35, alivuka mto Nili akaingia jangwani, mahali panapoitwa Pispiri, katika ngome ya zamani isiyokuwa na watu. Alifunga mlango, akakaa humo miaka 20. Mara mbili kwa mwaka aliletewa mikate, nayo ilishushwa kupitia juu ya ukuta. Watu waliokuja kumtafuta walisikia sauti yake tu. Mwisho, karibu na mwaka 305, rafiki zake waliuvunja mlango kwa nguvu. Walitazamia kumwona mtu aliyekonda au mwenye akili iliyopotea. Alitoka mtu mwenye afya, asiyenenepa wala kukonda, mwenye roho tulivu, asiyefadhaishwa na wingi wa watu wala asiyejivuna kwa heshima yao. Aliponya wagonjwa, akapatanisha waliokosana, akafariji wenye huzuni. Vijana wengi wakamfuata, na jangwa likajaa wamonaki. Ndiyo sababu anaitwa Baba wa wamonaki, na Abate, neno lenye maana ya baba.

Mwaka 311, kaisari Maksimino alipowatesa wakristu, Antoni alishuka mjini Aleksandria. Aliwahudumia waliofungwa gerezani na waliohukumiwa kuchimba madini, akawatia moyo mbele ya mahakimu. Hakimu mmoja alipoagiza wamonaki wote waondoke mjini, wengine walijificha. Antoni alifua kanzu yake, na kesho yake akasimama mahali pa wazi ambapo hakimu hangekosa kumwona. Alitamani kufa shahidi, lakini Mungu alimhifadhi.

Bustani na nyama wa pori

Makelele ya watu yalipozidi, Antoni alifuatana na wafanya biashara Waarabu waliokuwa wakisafiri jangwani. Baada ya siku tatu mchana na usiku alifika kwenye mlima mrefu upande wa bahari ya Shamu, wenye maji safi chini yake na mitende michache. Alipapenda mara moja. Mpaka leo iko chini ya mlima ule monasteri ya jina lake, ambayo ni mojawapo ya monasteri za kale sana za ulimwengu.

Hapo ndipo ilitokea habari ambayo sisi wana wa Ituri twapaswa kuisikia kwa masikio mawili. Ndugu walikuwa wakimletea mkate kutoka mbali, nao walichoka sana njiani. Antoni aliwahurumia, akaomba wamletee jembe, shoka na mbegu kidogo za ngano. Alitafuta mahali panapofaa, akalima, akapanda, akapata chakula chake bila kumlemea mtu. Kiisha akapanda na mboga, ili wageni wanaofika na njaa wapate kitu cha kuwaburudisha. Lakini nyama wa pori waliokuja kunywa maji waliharibu mara nyingi shamba lake. Antoni alikuwa na shoka, angeweza kutega mitego. Hakufanya hivyo. Alimkamata mmoja wao kwa upole, akasema na wote, akiwauliza kwa nini wanamdhuru yeye asiyemdhuru hata mmoja wao. Akawaagiza kwa jina la Bwana waondoke wasirudi. Mtakatifu Atanasi anaandika kwamba hawakukaribia tena mahali pale.

Safari nyingine Antoni alikuwa akisafiri na wamonaki waliokuja kumchukua, na ngamia mmoja aliwabebea mikate na maji. Jua lilikuwa kali, maji yakaisha, wala hawakuona maji mahali popote. Walikata tamaa, wakamwachilia ngamia aende zake, wakalala chini wakingoja kufa. Mzee Antoni akaenda kando, akapiga magoti, akainua mikono yake akaomba, na maji yakabubujika pale alipoombea. Walikunywa wote, wakajaza viriba vyao. Kiisha walimtafuta ngamia, wakamkuta: kamba yake ilikuwa imenaswa katika jiwe. Wakamrudisha, wakamnywesha naye, ndipo wakaendelea na safari. Ngamia yule hakusahauliwa katika muujiza.

Simba walioomba baraka

Mtakatifu Yeronimo anasimulia katika maisha ya Mtakatifu Paulo wa Tebe kwamba Antoni, akiwa na miaka 90, alikwenda kumtafuta mtawa huyo, aliyemzidi umri na kukaa jangwani kabla yake. Walipokuwa wakizungumza, kunguru alishuka akaweka mkate mzima mbele yao. Paulo akamweleza kwamba miaka 60 ndege huyo alimletea nusu ya mkate kila siku, na siku ile, kwa ajili ya mgeni, Bwana amezidisha posho. Baada ya siku chache Paulo alikufa, naye Antoni hakuwa na chombo cha kuchimbia kaburi. Ndipo simba wawili walikuja mbio kutoka ndani ya jangwa, wakalala miguuni pa marehemu, wakanguruma kama wenye kuomboleza, kiisha wakachimba udongo kwa makucha yao mpaka nafasi ya mtu mmoja ikapatikana. Walipomaliza walimkaribia Antoni, wakiinamisha vichwa, wakamlamba mikono na miguu. Mzee alitambua kwamba wanaomba baraka. Alimsifu Kristu, kwa kuwa hata viumbe visivyosema vinajua kwamba Mungu yupo, akawaombea kwa Bwana, akawapungia mkono waende zao.

Hivi kila mara tunapoona padri akinyoosha mkono juu ya mbuzi au mbwa, tunaweza kukumbuka simba wale wawili. Walifanya kwanza kazi ya huruma, ndipo wakaja kuomba baraka.

Kifo chake

Sifa za Antoni zilifika mpaka ikulu. Kaisari Konstantino na wanawe walimwandikia barua wakimheshimu kama baba. Antoni hakushangilia. Aliwafundisha wamonaki wasistaajabu mtu kumwandikia mtu, wastaajabu zaidi Mungu kuwaandikia watu sheria yake na kusema nao kwa Mwana wake. Aliwajibu makaisari, akiwakumbusha hukumu itakayokuja, haki, na maskini. Karibu na mwaka 338, alipokuwa mzee sana, alishuka tena Aleksandria ili kupinga uzushi wa Ario, uliokana Umungu wa Kristu.

Alikufa mwaka 356, akiwa na miaka 105. Hakutaka mwili wake utunzwe nyumbani na kuheshimiwa kama desturi ya Wamisri ilivyokuwa. Aliwaagiza wanafunzi wawili waliomtunza wamzike mahali pasipojulikana na mtu. Urithi wake ulikuwa ngozi mbili za kondoo, moja ya Mtakatifu Atanasi pamoja na joho ambalo Atanasi mwenyewe alikuwa amempa, nyingine ya Askofu Serapioni. Kanzu ya manyoya iliachiwa wanafunzi wale. Hayo tu ndiyo yaliyobaki ya mtu aliyerithi hektari 80. Eklezya inamkumbuka tarehe 17 ya mwezi wa kwanza.

Kitabu cha Atanasi kilienea haraka. Mwaka 386, mjini Milano, Mwafrika Augustino alisimuliwa maisha ya Antoni na Mwafrika mwenzake Pontisiano, na moyo wake ukachomwa. Muda kidogo baadaye akaongoka. Hivi mtu asiyejua kusoma Kigiriki alisaidia kuzaa mwalimu mkubwa wa Eklezya.

Namna alivyokuwa msimamizi wa wanyama

Sasa tuvuke bahari na karne nyingi. Mapokeo yanasimulia kwamba mabaki ya Antoni yalipelekwa Konstantinopoli, na katika karne ya 11 yakaletwa Ufaransa, katika nchi ya Dauphiné. Wakati ule Ulaya iliteswa na ugonjwa wa kutisha. Mikono na miguu ya wagonjwa iliungua kama moto, ikawa nyeusi, ikakatika. Watu waliuita moto wa Mtakatifu Antoni. Leo waganga wanajua kwamba ulitokana na ukungu wenye sumu unaoota juu ya nafaka fulani ya nchi za baridi, ambayo maskini walifanyia mkate. Wagonjwa walikimbilia kanisa la Antoni, na karibu na mwaka 1095 tajiri mmoja jina lake Gaston pamoja na mwanawe walianzisha undugu wa kuwatunza. Undugu huo ukawa shirika la Waantoni, lenye hospitali nyingi katika Ulaya. Waliwaombea wagonjwa, tena waliwapa mkate mzuri, wakawapaka mafuta ya nguruwe, na wale ambao viungo vyao vilikuwa vimeoza waliwakata.

Kwa ajili ya chakula na dawa, ndugu hao walifuga nguruwe. Waliruhusiwa kuwaachilia watembee mijini wakiwa na kengele shingoni. Si jambo dogo: mwaka 1131 Filipo, mwana wa mfalme wa Ufaransa, alikufa mjini Paris kwa sababu farasi wake alijikwaa juu ya nguruwe, na nguruwe wengi wakachukiwa. Lakini aliyesikia kengele ya nguruwe wa Antoni alimtupia mabaki ya chakula, akijua kwamba analisha wagonjwa. Ndiyo sababu wachoraji humwonyesha Antoni na nguruwe miguuni, kengele, moto, na fimbo yenye umbo la herufi T.

Kutoka hapo wakulima walianza kuleta wanyama wao wote wabarikiwe siku ya 17 ya mwezi wa kwanza. Mjini Roma farasi, punda na nyumbu walipambwa kwa utepe na kuletwa mbele ya kanisa la Mtakatifu Antoni. Mpaka leo wafugaji wa Italia huja na ng'ombe, kondoo na kuku karibu na Basilika ya Mtakatifu Petro. Katika Hispania na Meksiko vivyo hivyo. Mahali pengine, zaidi katika Ulaya na Marekani, ibada hufanyika karibu na tarehe 4 ya mwezi wa kumi, sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi, ambaye Papa Yoane Paulo wa Pili alimtangaza mwaka 1979 kuwa msimamizi wa watunza viumbe. Huko watu huleta hata sungura, kasuku na samaki katika chupa.

Eklezya inafundisha nini

Rituale ya zamani ya Kiroma ilikuwa na sala za kubariki farasi na wanyama wengine, pamoja na sala kwa ajili ya ng'ombe waliopatwa na ugonjwa mkali. Kitabu kipya cha Baraka, kilichotolewa Roma mwaka 1984, kimeweka ibada nzima: kusoma Neno la Mungu, maombi ya watu, na sala ya baraka. Padri na shemasi wanaiongoza, na mlei naye anaweza kuiongoza kwa sala zilizowekwa kwa ajili yake. Sisi makatekista wa vijijini, ambako padri anafika mara chache, tulijue jambo hilo.

Katekisimu ya mwaka 1992 inaeleza mambo waziwazi. Wanyama ni viumbe vya Mungu, na kwa kuwapo kwao tu vinamtukuza. Twaweza kuwala, kuvaa ngozi zao, na kufanya kazi pamoja nao. Kuwatesa au kuwaua bure ni kinyume cha heshima ya mtu. Tena si haki kuwatumia wanyama fedha ambazo zingepaswa kuondoa taabu za watu. Ndiyo njia ya Waantoni: nguruwe alitunzwa vizuri, na mgonjwa alikula.

Somo kwa Ituri yetu

Ndugu wapendwa, kwetu mnyama wa kufuga si mchezo. Ng'ombe ni maziwa ya watoto, ni mahari, ni dawa ya mgonjwa. Mbuzi mmoja analipa shule. Mama mjane anaweka tumaini lake katika nguruwe wawili, halafu homa ya nguruwe inapita, na katika juma moja hana kitu. Kwa hiyo hatuna sababu ya kucheka ibada hii. Anayemwombea mwenzake avune, amwombee pia afuge.

Lakini tunajua vilevile kwamba katika nchi hii ng'ombe na shamba vimeletea watu kifo. Katika vita vya mwaka 1999 mpaka 2003, watu maelfu kwa maelfu waliuawa, vijiji vikachomwa, makundi ya ng'ombe yakanyang'anywa. Mwisho wa mwaka 2017 moto uliwaka tena katika Djugu, na mwanzo wa mwaka 2018 wakimbizi walijaa mjini Bunia, wengine wakavuka ziwa Alberti mpaka Uganda. Mara nyingi ugomvi unaanza kwa jambo dogo: ng'ombe ameingia katika mihogo, mwenye shamba ameshika panga, mchungaji ameshika mkuki.

Hapo Antoni anasema nasi kuliko watakatifu wengi. Yeye alikuwa mkulima ambaye shamba lake liliharibiwa. Alikuwa na shoka karibu, naye alichagua kushika kwa upole na kusema kwa jina la Bwana. Tena nyama wa pori hawana mwenyewe, lakini ng'ombe wetu wana wachungaji wenye masikio. Ikiwa Antoni aliweza kusema na nyama wa jangwani, itakuwaje mkristu ashindwe kusema na mkristu mwenzake, waliobatizwa kwa maji mamoja?

Kwa hiyo siku tutakapowaleta wanyama wetu mbele ya kanisa, kila mmoja ajiulize kwanza maswali matatu. Mnyama huyu nilimpata wapi? Aliyenyang'anywa hawezi kubarikiwa mikononi mwa mnyang'anyi. Baraka yake ni kurudishwa. Anakula wapi? Kama anashibia shamba la jirani, mwenyewe aende kwanza kwa jirani, amlipe, wapatane. Naye anamlisha nani? Kama maziwa yake hayamfikii kamwe mgonjwa, yatima wala mkimbizi, hajawa bado mnyama wa Antoni. Na mnyama akiugua, tumwite mganga wa wanyama, tumpe chanjo, na tumwombee. Waantoni waliomba, na mkate safi walitoa.

Anayejibu maswali hayo kwa moyo mweupe, aje na ng'ombe wake, na mtoto aje na mbwa wake na kifaranga chake. Wasimame uwanjani, mfugaji na mkulima pamoja, na maji ya baraka yaanguke juu ya wote bila ubaguzi.

Mtakatifu Antoni Abate, mwana wa Afrika, mlinzi wa mifugo yetu na wa mashamba yetu, utuombee amani.